Redio ya Nyuma ya Meru

Mwezi uliopita tulikusanyika Akheri, nyumbani kwa Mama Shose, kwa ibada ya shukrani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, na kwa wiki kadhaa kila simu iliponiita nilisita kuipokea, nikihofia kuambiwa nisilotaka kusikia. Akapona. Siku ile alitoka ndani akitembea mwenyewe, amejifunga kitenge kipya, akaketi kiti cha mbele chini ya turubai, na mahubiri yalipoanza kurefuka akamnong'oneza mchungaji kwamba nyama inapoa. Tukacheka, na wengine tukafuta machozi, maana huyo sasa ndiye Mama Shose tunayemjua. Pembeni yangu alikaa Lomayani, dereva wetu wa zamani, mvi zimemjaa, fimbo kaiegemeza gotini. Miaka mingi hatukuwa tumeonana. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, kisha tukaketi bega kwa bega kama watu waliokwisha kuzungumza sana huko nyuma.

Binti wa Shose, anayesoma sekondari, alikuwa akigawa soda. Akatuuliza enzi zile, kabla ya simu za mkononi, ofisi ilijuaje gari liko wapi huko porini. Lomayani akamjibu, "Tulikuwa na redio ya upepo." Binti hakuelewa ni redio gani hiyo. Mama yake, Shose mwenyewe, alikuwa akipita na hotpoti ya ndizi nyama, akasema, "Muulize shangazi Ndeshi. Alikuwa anaishi ndani ya hiyo redio." Nikaanza kumweleza, lakini chakula kikaletwa, kwaya ikasimama kuimba, na maneno yangu yakapotea katikati ya spika. Nimerudi nyumbani nikaona heri niyaandike, kwa sababu mwaka ule ndio ulionifanya mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, zama za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, sabuni za kila rangi, betri, vitenge kutoka nje, na kila mwenye gari zima alikuwa akifikiria kubeba watalii. Upande wa pili, mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa opereta wa swichibodi katika shirika mojawapo. Nilikuwa na kiti changu, waya zangu, na sauti ambayo mameneja wa mikoa yote waliitambua. Siku moja tukaitwa ukumbini tukaambiwa tumepunguzwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilirudi chumbani kwangu nikiamini kabisa kwamba kitu pekee nilichokuwa nakijua duniani kimekwisha kazi. Ni kanisani, baada ya ibada, ndipo Mama Shose aliponishika mkono na kuniuliza kama ningeweza kumkalia ofisini kwa muda wakati akitafuta mtu. Alisema hivyo hivyo, "kwa muda." Niliyashika maneno hayo mawili kama mtu aliyepewa nauli ya kwenda tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida kule Sekei, yenye baraza ya saruji nyekundu na kahawa chache nyuma. Kampuni yake ilikuwa na Land Rover tatu, zote za mitumba, na mbili zilikuwa ambulansi kabla ya kuwa za watalii. Sebule ndiyo iliyokuwa mapokezi. Chumba changu kilikuwa stoo ya chakula iliyopakana na jiko, chenye dirisha dogo lililotazama mlima Meru, na rafu ambazo bado zilinuka vitunguu. Ukuta kati yangu na jiko haukufika darini. Kwa hiyo nilijua kinachopikwa kabla ya mpishi kuweka chumvi, na nilijua kinachosemwa pia. Saa nne tulikunywa chai ya maziwa na viazi vitamu. Mchana ilikuwa makande, au mtori wa ndizi Mama Shose akiwa na hamu ya kwao, na siku ambazo Lomayani alileta maziwa ya mgando kutoka Oldonyo Sambu tulipata loshoro, makande yaliyochanganywa na maziwa hayo, tukala wote meza moja, mwenye kampuni na dereva na mimi. Baada ya kula Mama Shose na kaka yake walibaki jikoni na kahawa yao. Ndipo mambo ya kampuni yalipoamuliwa.

Kaka yake aliitwa Aminieli, nasi sote tulimwita Mjomba kwa kumfuata Shose. Alikuwa amesoma ufundi wa umeme nje ya nchi, mtu msafi, mwenye haraka, aliyependa vitu vipya kwa mapenzi ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Niseme hilo mapema, maana siku moja kupitia juu ya ule ukuta nilimsikia akinimaliza kwa sentensi moja.

Kisa kilianza na gari lililopotea. Mwaka uliotangulia, kabla sijaajiriwa, Land Rover mojawapo ilivunjika ekseli mbele ya Oldonyo Sambu, kwenye nyika zinazoelekea Longido. Wageni walilala garini siku mbili na hakuna aliyejua. Walipofika kwao waliandika malalamiko, na wakala aliyekuwa akituletea wageni kutoka Ulaya akatuma ujumbe: magari yawe na redio ya mawasiliano kabla ya msimu ujao, la sivyo atatafuta kampuni nyingine. Zamani jambo hilo lingekuwa ndoto. Redio za upepo zilikuwa za polisi, jeshi, hifadhi na wamisionari. Sasa ilikuwa ruksa ukipata kibali, na kibali Mama Shose alishakifuatilia Dar es Salaam mpaka akakipata. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

"Tukiweka zile mpya zenye sauti safi," nilimsikia Mjomba akisema, "dereva anabonyeza, wewe unabonyeza, mnaongea kama simu. Unaweka moja hapa mezani na moja nyumbani kwako. Yule binti hatumhitaji tena."

Nikasikia kijiko cha Mama Shose kikizunguka kikombeni. "Tuchague redio kwanza," akasema. "Watu tutawachagua baadaye."

Nilikaa pale stoo, mikono mapajani. Sikumchukia Mjomba. Alikuwa amesema kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikijiambia kila usiku tangu nilipopunguzwa.

Redio zilizoshindana zilikuwa mbili. Ya kwanza ililetwa na Bwana Zuberi, muuzaji kutoka Dar es Salaam, kijana wa heshima aliyevaa shati jeupe na kutandika kitambaa juu ya meza kabla ya kuweka bidhaa yake. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kupendeza, antena yake fupi kama mkono wa mtoto. Alifunga moja garini, nyingine sebuleni, akamtuma Lomayani azunguke Njiro na Tengeru. Sauti ilikuja safi hata tukasikia muuza ndizi akibishana bei karibu na dirisha la gari. Mjomba alitabasamu kama bwana harusi. Lakini Mama Shose aliuliza swali moja tu. "Na nyuma ya mlima?"

Bwana Zuberi hakutudanganya, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Mama, sauti ya hii inakwenda kama mwanga wa tochi. Inakwenda moja kwa moja. Ikikutana na Meru, inaishia Meru. Utahitaji kituo cha kupokezana sauti juu ya kilima, na mlinzi, na umeme wa jua."

"Kilima kitapatikana," Mjomba akasema haraka.

Ya pili ilikuwa ya masafa mafupi, iliyoachwa na mradi wa maji wa wageni waliokuwa wakifunga virago. Ilikuwa sanduku la kijivu lenye kutu pembeni, limejaa vitufe, na antena yake ya garini ilikuwa ndefu kuliko ufito wa kuangulia maembe. Ukiiwasha ilikuwa ikikoroma na kupiga miluzi, na sauti ya mtu ilitoka kama ya bata mpaka uigeuze polepole, kwa vidole viwili, hadi irudi kuwa ya binadamu. Sauti yake, tulielezwa, haiendi moja kwa moja. Inapanda juu angani na kurudi chini mbali. Mjomba aliitazama kama mtu aliyeletewa punda siku ya kununua pikipiki. Mimi niliposogea kuigeuza, vidole vyangu vilijua la kufanya kabla sijafikiri. Nilikuwa nimesikiliza simu za mikoani miaka mitano, laini zinazokatika, watu wanaozungumza ndani ya mvua. Nilielewa mara moja kwamba redio ile haimfai kila mtu. Ingehitaji sikio la kukaa nayo kutwa.

Hapo ndipo ugumu wangu ulipokuwa. Ikinunuliwa ile nzuri, mimi naondoka. Ikinunuliwa ile mbaya, nabaki. Hakuna aliyejua kwamba najua.

Siku ya majaribio zote mbili zilifungwa kwenye gari moja. Lomayani aliondoka asubuhi kwa barabara ya Nairobi, na mimi nikakaa stoo, redio mbili mbele yangu, Mjomba amesimama mlangoni, Mama Shose jikoni akijifanya anachambua mchele. Ngaramtoni, ile mpya ilisikika kama mtu yuko barazani. Ya zamani ilitoa maneno mawili matatu yaliyomezwa na kelele. Gari likapanda, likazunguka bega la mlima. Ile mpya ikakatika katikati ya neno, kama Bwana Zuberi alivyosema. Ikawa zamu ya ile ya kijivu. Niliita. Nikasikiliza. Niliita tena. Ndani ya redio ya masafa mafupi kuna sauti nyingi ambazo si sauti, na ukitaka kumsikia mtu utamsikia. Nilitaka sana. Mara kadhaa ilionekana kana kwamba kitu kinasema "dada," kisha kikawa upepo tu.

"Unampata?" Mjomba aliuliza.

Nakumbuka kijua kilichokuwa kikipita kwenye rafu na harufu ya mchele uliomwagiwa maji. Ningeweza kusema nampata kwa mbali. Nani angenipinga? Lomayani mwenyewe hangejua kama nimemsikia au la. Lakini nilifikiria gari lile lililovunjika ekseli, na wageni wawili wakitazama barabara tupu, na mtu kama mimi amekaa Sekei akisema nawapata.

"Hapana, Mjomba. Sisikii kitu."

Nadhani alitegemea nipigane. "Basi," akasema kwa upole ambao sikuutarajia, akaenda jikoni. Nikamsikia dada yake akisema kwamba uamuzi utakuwa Jumatatu, apewe Jumapili ya kusali.

Ijumaa ile Bwana Zuberi aling'oa redio yake akaenda nayo Moshi kwa mteja mwingine. Ile ya kijivu ilibaki garini kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuitoa, na Lomayani akaruhusiwa kwenda na gari kwao Oldonyo Sambu, kumpelekea mama yake magunia ya pumba. Jumamosi nilikuja ofisini peke yangu. Kazi haikuwepo. Niliwasha redio, nikaifuta vumbi, nikawa napanga vitu vyangu vichache, kikombe, sweta, kanga ya kufunika miguu, nikijizoeza moyoni namna ya kuaga bila kulia.

Jua lilikuwa utosini redio iliposema, wazi kabisa, "Dada Ndeshi, kama upo, nipo nyumbani. Ova."

Niliangusha kikombe. Nikabonyeza kujibu. "Nakupata, kaka Lomayani. Nakupata vizuri sana. Uko wapi? Ova."

"Nyumbani kwetu, nakuambia. Hapa zizini. Mlima uko kati yangu na wewe. Ova."

"Umefanya nini kwenye redio?"

"Sijaigusa. Nimefunga tu hili fimbo lake la antena. Njia ya kwetu ina migunga, lilikuwa linanasa kila hatua. Nimelivuta kwa kamba nikalifunga nyuma, limepinda kama upinde. Subiri, kuna mtu anataka kukusalimia."

Nikasikia vurugu kidogo, kuku, mtu akielekezwa pa kubonyeza. Kisha sauti ya bibi kizee, karibu sana, ikasema, "Takwenya." Alikuwa mama yake Lomayani. Kimaasai changu kilikuwa cha sokoni, lakini salamu ile niliijua, nikajibu kama inavyotakiwa, "Iko." Akacheka kicheko kirefu, na akaendelea kusema mengi ambayo sikuyaelewa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Bibi yule hakuwahi kufika Sekei maisha yake yote, na alikuwa amekaa stoo pamoja nami.

Jumatatu niliwaeleza yote mezani. Nilitegemea Mjomba abishe. Badala yake aliweka kijiko chini, akaniuliza antena ilikuwa imepinda kiasi gani, akaondoka bila kumaliza makande yake. Alirudi jioni, amekwenda kwa rafiki yake mmoja wa kwenye misheni anayejua redio hizo, uso umemng'aa. Akachora juu ya meza kwa kidole kilicholowa chai. Antena ikisimama wima, alieleza, sauti inatupwa mbali mno, inapita juu ya vichwa vyetu na kushuka labda Dodoma. Ikilala, inapanda moja kwa moja juu, inagonga huko angani, na kushuka hapa hapa, mbele ya mlima na nyuma yake. "Kwa hiyo hata yetu ya hapa tuilaze," akasema. "Waya mrefu, chini chini, kati ya miti." Alizungumza kwa furaha ya mtoto. Hakuonekana kabisa kama mtu aliyeshindwa hoja. Keshoye alipanda mwenyewe kwenye migrevilea iliyokuwa nyuma ya nyumba, suruali yake safi ikachanika, akatufungia waya.

"Tunachukua za kijivu," Mama Shose akaamua. "Mradi wanazo nne. Hazipendezi, lakini sinunui kabati la sebuleni."

Juu ya kazi yangu hakuna aliyesema kitu. Nikaendelea kuja kila siku, kwa muda.

Masika ya mwaka ule yalianza kwa ukali. Wageni wawili wazee, mume na mke, walitaka kwenda Ziwa Natron kwa kupitia Longido, na Shose, ambaye alikuwa likizo ya chuo na aliyezungumza lugha yao, akaomba afuatane nao na Lomayani. Mama yake alikataa, kisha akakubali. Ratiba yetu ilikuwa kuongea asubuhi, saa nane mchana na jioni. Siku ya tatu asubuhi walisema wanaanza kurudi na kwamba mawingu upande wa Kitumbeine yamekuwa meusi. Saa nane niliwaita. Redio ilikuwa ikipasuka kwa radi, kila mpasuko kama mtu anachana bati. Hakuna aliyejibu.

Kutojibu mara moja si kitu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Shose, naye akaitikia kwa kichwa, akaja akaketi pale stoo juu ya gunia la mchele. Tulikaa hivyo. Mpishi alileta chai, ikapoa. Halafu mwenye lori mmoja aliyekuwa akileta mkaa akasimama barazani, akamwambia Mjomba kwamba kule mbele ya Longido korongo moja limefurika ghafla na kuna gari limesombwa. Gari gani? Hakuliona, aliambiwa tu. Land Rover, walisema.

Mjomba aliingia akatuambia, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha. Mama Shose hakulia. Alishika ukingo wa meza yangu na kusema, "Endelea kuita."

Niliita. Sijui niliita mara ngapi. Koo lilikauka, mkono uliobonyeza ukafa ganzi. Nilikuwa nimefumba macho, kama nilivyokuwa nikifanya swichibodini laini ilipokuwa mbaya, nikiacha radi ipite na kusikiliza kilichobaki nyuma yake. Na ndani ya kilichobaki, chini kabisa, nikasikia mtu. Halikuwa neno. Ilikuwa mdundo wa mtu anayesema. Nikageuza kidogo. "...rongo..." Kisha radi. "...Shose..." Kisha radi tena, ndefu.

"Wanasemaje?" Mjomba akauliza.

"Korongo. Na Shose." Nilipoyatamka nikaona uso wa Mama Shose ukibadilika rangi, na nikatamani niyarudishe kinywani.

Maneno hayakuwa yakipita. Hilo lilikuwa dhahiri. Lakini nilikumbuka kitu ambacho redio ile ilikuwa imenionyesha siku za nyuma, mpishi alipokuwa akipiga mluzi jikoni na Lomayani akaniuliza kutoka barabarani ni nani anayeita ng'ombe. Neno lilikuwa likichanika, lakini mluzi ulipita.

Nikabonyeza. "Lomayani. Kama unanisikia, usiseme. Piga mluzi. Mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo. Je, unanipata? Ova."

Radi. Radi. Halafu, nyembamba kama uzi, mluzi. Na mwingine.

Mama Shose alisimama.

"Shose yuko pamoja nawe? Ova."

Sitasahau kungoja kule. Nje kuku walikuwa wakijikunyata chini ya baraza na mlima wote ulikuwa umefunikwa. Mluzi wa kwanza ulikuja. Nikaona midomo ya Mama Shose ikisogea, akihesabu. Kati ya wa kwanza na wa pili ilipita radi moja, na katika radi ile nadhani sote watatu tulizeeka. Kisha wa pili ukaja, mkali na mrefu, mluzi wa mchungaji anayerudisha ndama waliotawanyika.

"Mko wazima wote? Wageni pia? Ova."

Mara mbili.

"Mmevuka korongo?"

Mara moja tu.

"Mko mahali pa juu? Mnaweza kulala hapo mpaka maji yapungue?"

Mara mbili. Na baada ya hapo, bila kuulizwa, mluzi mwingine, dhaifu, wa mtu asiyejua kupiga miluzi, uliotoka upepo zaidi kuliko sauti. Mama Shose aliweka mkono mdomoni. "Huyo ni Shose," akasema. "Tangu mdogo hajawahi kuweza." Akaketi tena juu ya gunia, na sasa ndipo alipolia, mabega yakitikisika, huku Mjomba amemshika kichwani kama mtoto mdogo na machozi yake mwenyewe yakimdondoka kwenye shati. Mimi niliendelea kushika kile kidude cha kuzungumzia. Niliogopa nikikiachia kila kitu kitakuwa hakikutokea.

Baadaye tulijua kwamba gari lililosombwa lilikuwa la watu wengine, na kwamba wao pia walitoka wakiwa hai, wamepanda juu ya bodi. Lomayani alikuwa amelisikia korongo likinguruma kabla ya kulifikia, akasimama, akageuza. Watu wa boma la jirani waliwapa maziwa na mahali pa kulala, na yule mzee wa kigeni alimwambia Shose kwamba hajawahi kulala vizuri namna ile.

Walifika Sekei siku iliyofuata alasiri, gari halionekani rangi kwa matope. Mama Shose alishuka barazani bila viatu. Alimsalimia mgeni mke, akamsalimia mgeni mume, kwa adabu zote, na ndipo alipomgeukia binti yake na kuanza kumfuta matope shingoni kwa ncha ya kitenge, akimgombeza kwa Kichaga kwamba anaonekana kama mtu asiye na mama. Shose alicheka huku akilia. Lomayani alikuwa ameegemea mlango wa gari, macho mekundu kwa uchovu. Nilimpa mkono. "Midomo inauma," akaniambia. "Sijapiga miluzi hivyo tangu nikiwa naswaga mbuzi."

Tulikula wote, wageni pia, viti vikaletwa kutoka kwa majirani. Kulikuwa na mtori, nyama ya kuchoma na mchele ule ule wa kwenye gunia. Mama Shose alisimama kuomba, akasema "Ee Baba," kisha hakuweza kuendelea, ndipo Lomayani akasema "Amina" kwa sauti nzito, na wote tukaitikia, tukashika vijiko. Nimekula karamu nyingi tangu wakati huo. Nimeendesha chumba cha redio cha magari mengi kuliko yale matatu, nimewafundisha mabinti kufumba macho na kusikiliza, na simu za mkononi zilipofika na kuzima redio zetu, nilipokea habari hiyo bila hofu, kwa kuwa nilikwisha kujua kwamba mtu hapotei kwa sababu mashine yake imepitwa na wakati. Hayo nilianza kuyajua mezani pale, kati ya watu wenye matope, nikitafuna taratibu kwa sababu koo liliniuma.

Jioni ilipoanza kupoa nilichukua sweta yangu niondoke. Mjomba Aminieli alinifuata mpaka getini. Alikuwa na kitu cha kusema na hakujua pa kuanzia, akawa anatazama waya wake kati ya miti kana kwamba umelegea.

"Kesho unafungua redio saa ngapi?" akaniuliza hatimaye.

"Saa kumi na mbili asubuhi, Mjomba."

"Basi na mimi nitakuja saa kumi na mbili," akasema. "Unifundishe kuigeuza. Siku ukiugua, au ukienda likizo, lazima awepo mtu wa kukushikia."

Nikamtakia usiku mwema, nikashuka barabara ya Sekei, na sikukumbuka kuogopa chochote mpaka nilipofika nyumbani.